Kuteremsha Picha za Duane

Tik. Kimya. Tik. Hiyo ndiyo sauti iliyobaki masikioni mwa Verlyn Haugrud tangu siku diski yake ya kwanza ilipokufa juu ya meza ya jikoni, ikiwa na picha zote za arusi ya bintiye. Ilikuwa sauti ndogo, kama ya mtu mwenye adabu anayegonga mlango kwa ukucha, akangoja aambiwe karibu, asiambiwe, akagonga tena. Verlyn aliisikiliza alasiri nzima. Mkewe Ardis alikuwa kando akimenya viazi.

"Inasemaje?" Ardis aliuliza.

"Inabisha hodi."

"Basi ifungulie."

Haikufunguka. Binti yao Karin, aliyekuwa akiishi Seattle, alipopigiwa simu hakulia wala hakulaumu. Alisema tu kwamba tangu siku hiyo kila picha baba yake atakayopiga kwa simu itapanda yenyewe mawinguni, ikahifadhiwe kwenye mitambo ya kampuni fulani, na yeye hatahitaji kufanya lolote. Verlyn alishukuru. Moyoni hakuridhika. Alikuwa amezaliwa na kuzeekea magharibi ya Minnesota, na huko wingu lina tabia zake: huangusha mvua ya mawe juu ya mahindi yaliyokwisha kushika, kisha hujiendea zake. Hakuwahi kusikia wingu lililomtunzia mtu kitu.

Alikuwa mtu wa lori la maziwa. Alianza kuliendesha kabla ya kuoa, akaliacha siku magoti yalipokataa kupanda ngazi yake. Kila alfajiri alizunguka mashambani, akiunganisha bomba la lori kwenye matangi ya watu, akivuta maziwa na kuyapeleka kiwandani, na katika kazi hiyo alijifunza kuzungumza na ng'ombe, na mbwa, na wanaume waliosimama kwenye milango ya mazizi na mikono mifukoni. Ukimuuliza hali alijibu, "Si mbaya sana." Jibu hilo alilitoa alipopata mjukuu, na alilitoa alipovunjika mbavu. Katika mji wa Sletten alihesabiwa kuwa mtu wa maneno mengi.

Alihesabiwa hivyo kwa sababu daima alionekana na Duane Rustad, mwanyumba wake. Ardis na LaVonne walikuwa ndugu wa tumbo moja. Verlyn alimwoa mkubwa, Duane akamwoa mdogo, na kwa njia hiyo wanaume wawili ambao pengine wasingeambiana neno maisha yao yote walijikuta wakikaa pamoja kila majira ya baridi ndani ya kibanda cha Duane, kwenye barafu ya ziwa, wakitazama matundu mawili ya kuvulia samaki sakafuni. Kibanda kilikuwa cha mbao, kina jiko dogo la gesi na ndoo mbili za kukalia. Humo waliongea kuhusu upepo. Siku za maongezi marefu waliongea pia kuhusu upepo wa jana.

Duane hakupenda kupigwa picha. Penye ubatizo, penye arusi, penye Krismasi, kamera ikitolewa yeye alikumbuka kwamba gari linahitaji kukaguliwa oili, akatoka. Gari lake halikuwahi kuharibika. Lakini ndani ya kibanda kile aliruhusu samaki wapigwe picha, maana samaki ana haki yake, na kwa kuwa samaki hawezi kujishika, Duane alitokea pembeni: kiwiko, sikio, mgongo wa koti, nusu ya masharubu. Verlyn alipiga picha hizo mwaka hata mwaka kwa simu aliyopewa na Karin. Zilipanda mawinguni. Hakuzifikiria.

Kisha Duane akafa, kwa moyo, akiwa ameketi kwenye ngazi za nyumbani kwake akivaa kiatu cha pili. Na majira ya baridi yaliyofuata nyumba yake ikaungua, na kibanda kilichokuwa kimeegeshwa ubavuni mwa nyumba kikaungua pamoja nayo. LaVonne alitoka salama na pochi yake na paka wa jirani. Kila albamu ya ukoo ilikuwa kwake, za wazazi, za Ardis, zote, kwa kuwa chumba chake cha chini ndicho kilichokuwa hakiingii maji. Moto haukuuliza habari za maji.

Watu walimletea LaVonne mablanketi na mabakuli ya nyama na viazi vya kuoka hadi akakosa pa kuyaweka. Alihamia kwenye chumba kimoja juu ya benki. Wiki chache baadaye alikuja kunywa kahawa kwa dada yake, akazungumza kuhusu mablanketi, akasema nyumba ile ilikuwa kubwa mno kwa mtu mmoja hata hivyo. Alipokuwa akivaa koti, huku akitafuta tundu la mkono, alisema akiutazama mlango:

"Huenda unazo picha za Duane, shemeji. Zile za samaki. Si lazima."

"Nitaangalia," alisema Verlyn.

Yeyote aliyekulia Sletten angejua kilichotokea pale. Mwanamke alikuwa amepiga magoti, ameshika miguu ya mtu kwa mikono miwili, analia. Yote hayo yalikuwa ndani ya lile neno si lazima. Verlyn alibaki ukumbini hadi gari la shemeji yake lilipopotea kwenye kona.

Barua pepe kutoka kwa kampuni ya mawingu ilifika wakati uleule, kana kwamba ilikuwa imesimama nje ikisikiliza. Kampuni ilisema imefurahi kumtunzia kumbukumbu zake. Ilisema pia kwamba mwisho wa Machi italifunga ghala lake la picha, na chochote kitakachobaki humo kitafutwa.

"Nilisema," alisema Verlyn.

"Hukusema," alisema Ardis. "Ulinung'unika."

Hakutaka wingu la pili. Alitaka chombo chake mwenyewe, ndani ya nyumba yake, kitu anachoweza kukigusa. Alinunua kisanduku cheusi chenye diski mbili ndani, zinazoandika kitu kilekile zote mbili, ili moja ikianza kubisha hodi nyingine iwe bado hai. Alikiweka kwenye chumba cha chini cha nyumba, juu ya friza iliyohifadhi mawindo ya mwaka juzi ambayo Ardis alikataa kuyapika, kando ya kopo la misumari. Alichomeka nyaya akaketi mbele ya kompyuta. Sasa ilikuwa kazi ya kupakua tu: kuzishusha picha zote kutoka kwa kampuni, ziingie kisandukuni.

Hapa ndipo alipokosea, na kosa lenyewe lingeweza kufanywa na karibu mtu yeyote wa mji ule. Kwao, ukikaribishwa kahawa, unakataa. Ukikaribishwa tena, unasema usijisumbue. Mara ya tatu unasema, basi, kidogo tu, nusu kikombe, nawe unajaziwa hadi ukingoni. Anayekubali mara ya kwanza ni mlafi au ni mgeni. Watu wameoana kwa utaratibu huu. Watu wameuziana mashamba.

Dirisha dogo lilitokea kwenye kioo. Liliuliza: je, ungependa pia tukuletee picha zako halisi, kwa ukubwa wake kamili? Zitachukua muda na nafasi zaidi.

Verlyn aliondoa mkono kwenye kipanya. Watu wanafunga duka, alifikiri, na bado wanakaribisha. Alibonyeza Hapana.

Dirisha la pili likatokea. Una hakika? Unaweza kuzipata picha halisi sasa.

Safari hii kitufe kiliandikwa Hapana, asante, na Verlyn alifurahi kwamba kampuni ile angalau ilikuwa na malezi. Alikibonyeza. Kisha akakaa sawasawa, kidole tayari, akingoja dirisha la tatu ili aseme basi, sawa, kama haiwasumbui.

Dirisha la tatu halikuja. Kazi ilianza. Taa ya kisanduku ilipepesa kijani, na kabla maji ya viazi hayajachemka huko juu, kioo kiliandika kwamba kila kitu kimekamilika.

"Miaka yote ile?" Ardis aliuliza kutoka kwenye ngazi.

"Kisanduku kizuri," alisema Verlyn.

Alifungua moja mbili kwenye simu, zikaonekana. Samaki, kiwiko, samaki, sikio. Alichagua zile zenye Duane mwingi zaidi, akaendesha hadi mji wa pili, kwenye duka la dawa wanaposafisha picha, akaomba zisafishwe kwa ukubwa wa kutundika ukutani. Mashine ya picha ilikuwa chini ya uangalizi wa Marlys Fosse, mwanamke wa umri wake, ambaye zizi la baba yake lilikuwa la kwanza katika mzunguko wa lori. Marlys aliitazama karatasi ya kwanza ilipotoka. Aliisogeza mbali, akaileta karibu, akavaa miwani.

"Verlyn, huu ni ukuta wa bafu lenu?"

"Ni Duane."

"Yuko wapi?"

"Hapo. Huo mraba wa kahawia."

"Na hii miraba ya kijivu?"

"Samaki. Mkubwa yule."

Marlys aliiweka karatasi chini taratibu. Aligeuza kioo chake akabonyeza hapa na pale.

"Hivi ni vijipicha tu, mwenzangu," alisema. "Vya kuonjea. Kwenye simu utaona sawa, lakini ukivikuza ndiyo hivi. Hawakukuuliza kama unataka picha zenyewe?"

"Waliuliza."

"Ukasemaje?"

"Nikakataa."

Marlys alitikisa kichwa polepole. Naye alikuwa wa hukohuko. "Mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Na ya tatu hawakuuliza."

"Hawakuuliza."

"Watu gani hao," alisema Marlys, akakataa kupokea malipo. Verlyn alisema hapana, atalipa. Marlys alisema hapana. Ilichukua muda, kwa kuwa waliifanya ile shughuli kikamilifu.

Aliporudi nyumbani alianza upya, na alipoulizwa alibonyeza Ndiyo kwa nguvu kiasi cha kukisukuma kipanya hadi kwenye kikombe. Picha ya kwanza halisi ilishuka. Kisha ya pili, baada ya muda mrefu wa kufikiri. Nyumba ya Haugrud ilipata mtandao wake kwa waya wa simu wa zamani, ule uliopita juu ya nguzo zilizoinama kuelekea mashariki, na kompyuta, baada ya kupiga hesabu zake, ilitangaza kwamba itamaliza Julai. Machi ilikuwa imebakiza siku za kuhesabika.

Ardis alisoma kioo juu ya bega la mumewe.

"Kanisani wana mtandao wa faiba," alisema.

"Najua."

"Basi kamuone mchungaji."

"Nitampitia."

"Usimpitie, mzee. Kumpitia ndiko kulikotufikisha hapa. Kamuombe."

"Ndiyo nimesema."

"Umesema utampitia. Nakujua. Utamwambia habari za matope, kisha utarudi hapa na keki."

Mchungaji Yesenia Armenta alikuwa ametoka Arizona, na hayo yalikuwa majira yake ya pili ya baridi Sletten. Waumini walimpenda, ijapokuwa mwanzoni waliogopa kwenda kwake, kwa sababu akikukaribisha kahawa ukasema usijisumbue, hakujisumbua. Verlyn alimkuta ofisini akiandika mahubiri. Alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Theluji imelegea," alisema Verlyn.

"Namshukuru Mungu."

"Barabara ya kaskazini ni matope matupu."

"Nimesikia. Nilikwama jana."

"Ndiyo." Aliigeuza kofia. "Wanasema mtandao wa hapa una mbio."

"Mbio sana."

"Wa kwetu unakwenda taratibu."

"Poleni, Mzee Verlyn."

"Kuna vijipicha fulani," alisema Verlyn, naye sasa alikuwa amefika mbali kuliko alivyowahi kufika na mtu asiye wa ukoo. "Lakini hapana. Si neno."

"Sawa basi," alisema mchungaji kwa upole, akatabasamu, akarudi kwenye mahubiri yake.

Verlyn alitoka. Aliingia kwenye gari, akafunga mkanda, hakuwasha. Alikaa akitazama ukuta wa kanisa. Ilimjia kwamba muda si mrefu LaVonne atakuja kunywa kahawa, na hataulizia kitu, na hatauliza tena mwaka huu wala ujao; atazungumza kuhusu mablanketi. Na yeye atamwambia nini, kwamba picha zipo ila ni miraba? Shemeji yake atasema ni nzuri sana. Atamshukuru. Ataitundika miraba ile ukutani juu ya benki, akae chini yake.

Alifungua mkanda. Safari hii hakusimama mlangoni.

"Mchungaji," alisema, "nataka kuleta kisanduku changu hapa chini kanisani, nikichomeke kwenye mtandao wenu, kikae hadi mwezi uishe. Ni picha za Duane. Naomba."

Kisha akaketi bila kuambiwa karibu, masikio mekundu, kama mtu aliyetoka kubeba friza peke yake.

"Ndiyo," alisema Mchungaji Yesenia. Alimtazama kidogo. "Ndicho ulichokuja kuniambia tangu mwanzo?"

"Nilikuwa nakikaribia."

Kisanduku, pamoja na kompyuta, kilishushwa kwenye ukumbi wa chini ya kanisa siku hiyohiyo, kikawekwa kwenye meza ya pembeni karibu na birika kubwa la kahawa, palipokuwa na tundu la mtandao. Verlyn aliweka picha za majira ya baridi mbele, miaka yote ya barafu kwanza, kisha nyingine zifuate kama nafasi itakuwepo. Picha zilianza kumiminika. Alivuta kiti akakaa kando yake na gazeti. Hakuna aliyemuuliza anafanya nini, ambayo ni namna yao ya kujua yote.

Jumatano kulikuwa na supu ya Kwaresima. Wanawake waliingia na masufuria ya umeme, na ukumbi ukajaa harufu ya kitunguu na makoti mabichi. Mtu alikihurumia kisanduku kukaa wazi, akakifunika kitambaa cha meza. Mwingine aligundua kwamba kina joto juu, akaweka hapo trei ya mikate ili isipoe. LaVonne alikuwa kwenye zamu ya kugawa supu. Kila alipopita na upawa alipunguza mwendo.

"Unaonekana una baridi, shemeji."

"Si mbaya sana."

"Ni ya mbaazi leo."

"Naona."

Hakukitazama kisanduku hata mara moja. Alikitazama kitambaa, akaunyoosha upindo wake uliokuwa umekunjamana, akaenda zake.

Ndipo Arlene Brekke, mkuu wa jikoni, mwanamke aliyezika wachungaji wawili na kulisha mazishi yote mawili, alipokuja na sufuria ya kababu mkononi akitafuta soketi. Aliinama chini ya meza. Aliushika waya wa kisanduku.

"Hapana," alisema Verlyn.

Lilikuwa neno moja, si kubwa, lakini watu wa meza mbili waliacha vijiko. Hapana ya Sletten ina mlango wa nyuma. Hii haikuwa nao.

Arlene aliinuka taratibu, sufuria bado mkononi. "Dakika mbili tu, Verlyn. Zitapoa."

"Hapana, Arlene."

"Ni za Bwana hizi, si zangu."

"Zitapoa basi."

Arlene alimtazama kwa muda ambao baadaye watu walitofautiana kuhusu urefu wake. Kisha alitazama upande wa supu, alikosimama LaVonne amempa kila mtu mgongo, akichota kutoka sufuria moja na kurudisha katika sufuria ileile. Arlene hakuwa mjinga.

"Kababu baridi si mbaya," alisema. "Mama yangu alikula hivyo." Akaziweka mezani, na jioni ile washarika walikula kababu baridi na kuzisifu zaidi ya desturi.

Siku ya mwisho ya Machi, Verlyn alikuwa na kikombe mkononi kioo kilipoandika kwamba huduma imefika mwisho na kumtakia kumbukumbu njema. Si zote zilizofika. Safari ya Seattle haikufika, wala maua ya Ardis ya miaka miwili. Miaka ya barafu ilikuwa imefika yote. Alihakikisha moja moja, akizikuza mpaka alipoona nyuzi za koti na magamba ya samaki. Alichomoa kisanduku, akakivika blanketi, akaendesha hadi nyumbani kwa mwendo wa lori lililojaa maziwa.

"Maua yako yamekwenda," alimwambia Ardis.

"Yatachipua Juni," alisema Ardis. "Yana tabia hiyo. Mpigie dada yangu."

LaVonne alikuja Jumapili baada ya ibada, na koti lake zuri. Hakulivua, kwa sababu alisema hakai. Walimkalisha mezani mbele ya kompyuta. Ardis alisimama nyuma yake na taulo la vyombo begani, na Verlyn akaketi pembeni akibonyeza.

Samaki, na kiwiko.

"Hilo koti nililishona mimi kiraka," alisema LaVonne.

Samaki, na sikio. Samaki, na mgongo. Samaki aliyekuwa mdogo mno hata kupigwa picha, na kidole gumba cha Duane, kikubwa, chenye ukucha ulioingia weusi wa nyundo. LaVonne alikiangalia kidole kile muda mrefu. Alivua koti, Ardis akalichukua.

Kisha ikaja picha ambayo samaki alikuwa ameponyoka. Alikuwa hewani, ukungu wa fedha ukingoni mwa picha, na nyuma yake Duane alikuwa ameketi juu ya ndoo, mzima, kutoka kofia hadi viatu, bila kitu cha kujifichia. Hakuwa amemtazama samaki. Hakuitazama kamera. Alikuwa ameinua uso kidogo, kuelekea ukuta wa mbao juu ya jiko.

"Huyo hapo," alisema Ardis polepole.

LaVonne alisogeza kiti. "Anatazama nini?"

"Ukuta," alisema Verlyn.

"Ukuta una nini?"

Juu ya jiko palikuwa na alama nyeupe. Kwenye kijipicha ingekuwa nukta moja, kama punje ya theluji iliyoingia na mtu. Verlyn alikuwa amekaa chini ya kitu kile majira mengi ya baridi hadi akaacha kukiona, kama mtu anavyoacha kuiona saa ya ukutani. Sasa alikikuza. Kilikua, kikatulia, kikawa picha ndogo iliyopigiliwa misumari minne: msichana mwenye suruali ya kazi na utepe wa mshindi kifuani, ameshika kamba ya mtamba mweupe kwenye maonyesho ya wilaya, anacheka kwa sababu mtamba anamlamba shingo.

Jokofu liliunguruma, likaacha.

"Huyo ni mimi," alisema LaVonne.

"Ndiyo picha hiyo," alisema Ardis. "Ile ile. Tangu ulipoolewa unasema niliichukua mimi."

"Nilidhani wewe."

"Ulimwambia mama."

"Nilimwambia mama, ndiyo."

"Hadi kwenye mazishi yake ulinitazama kwa jicho lile."

"Nisamehe basi, dada."

"Haina neno," alisema Ardis, akajifuta macho kwa taulo la vyombo, kisha akafuta meza nalo, ili isionekane alikuwa akifanya nini.

LaVonne alinyoosha kidole, hakukigusisha kioo. Alifuata kwa mbali mstari wa uso wa mumewe hadi kwenye ukuta, na kutoka ukutani hadi kwenye uso. Hakulia. Alikunja mikono mapajani.

"Miaka yote hiyo," alisema. "Kumbe nilikuwa nakaa huko na samaki. Hakuwahi kuniambia. Aliwahi kukwambia kitu wewe, shemeji? Kuhusu hii?"

Verlyn alilitazama dirisha. Theluji ya ubavuni mwa gereji ilikuwa inachuruzika maji. Alikumbuka mikono ya Duane ikizima jiko, ikifunika matundu, ikichukua ndoo. Na ilivyokuwa kila mara yeye Verlyn ndiye anayetoka kwanza na kungoja nje kwenye upepo, akijifanya anatengeneza kamba za sledi ya kukokotea mizigo, ambazo hazikuwa na kasoro, huku sauti ya Duane ikinong'ona ndani. Hakuwahi kumsimulia mtu. Haikuwa habari yake.

"Alikuwa anakuaga," alisema Verlyn, kwa sauti ya chini iliyomfanya Ardis ainamie meza ili asikie. "Kila tulipokuwa tunafunga mlango."